Asipokunywa anatetemeka: je, nimnunulie pombe?

Mshauri, salamu.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Kiembeni, Mombasa, na mume wangu na mama yake. Mume wangu ana miaka 41. Alikuwa dereva wa magari ya watalii mpaka Machi hii ya 2020, hoteli za Pwani zilipofungwa kwa ajili ya korona na madereva wakaambiwa wakae nyumbani hadi waitwe. Hawajaitwa. Mimi ni fundi cherehani. Sasa nashona barakoa, nauza shilingi 50 moja, na hizo ndizo tunazokula.

Pombe anakunywa tangu nimjue. Zamani zilikuwa bia za jioni na wenzake, na mnazi tukienda kwao Kaloleni. Baba yake alipofariki akahamia vikali. Baa zilipofungwa nilimshukuru Mungu, nikasema sasa amebanwa. Kumbe maduka ya kuuza chupa za kubeba yako wazi, na siku hizi anakunywa chumbani. Kota moja, ile chupa ndogo ya vikali, tangu asubuhi hadi alasiri, nyingine jioni hadi usiku, kila siku. Kafyu ikimkuta saa moja jioni na chupa imebaki kidogo, anazunguka nyumba nzima, hakai.

Asubuhi mikono inatetemeka hadi chai inamwagika. Akipata glasi anatulia kabisa, anaweza kumfunga mtoto vifungo vya shati. Hilo ndilo linaloniumiza: naona kwa macho yangu kwamba pombe ndiyo inamrudishia utu.

Pesa zake ziliisha Aprili, sasa ananiomba mimi. Kota anazokunywa ni shilingi 250. Mbili ni barakoa kumi. Siku niliyokataa, jioni nilikuta sanitaiza ya nusu lita ninayowawekea wateja mlangoni imepungua. Alikuwa ameichanganya na soda. Akaniambia bila aibu kwamba ni pombe ile ile, tena asilimia 70. Tangu hapo naifungia pamoja na vyuma vya cherehani.

Mama mkwe anasema Mungu mwenyewe amefunga baa, nasi tufunge mlango. Chumba cha nyuma kina dirisha la vyuma. Anataka tumfungie humo siku saba kwa maji, uji na maombi, na shemeji yangu yuko tayari kuja kumshika akileta nguvu. Anasema kuna ndugu yao alipona hivyo. Mchungaji ataomba nasi kwa simu. Wamepanga Jumamosi.

Kuna na vidonge. Jirani mwenye duka la dawa alimpa vya usingizi, vimeandikwa diazepam 5. Anameza viwili au vitatu juu ya pombe, analala kama gogo na kukoroma vibaya. Jirani mwingine ananiambia nimpeleke kliniki ya methadoni ya Kisauni. Mwenyewe hataki kusikia hospitali. Anasema ataingia bila korona atoke nayo. Kusema kweli, hata mimi naogopa.

Hajanipiga. Lakini juzi alirusha redio ukutani watoto wakitazama.

Sijui kama ni muhimu: Krismasi tulikwenda kwetu Voi, na kwa baba yangu pombe haiingii. Usiku wa pili alianguka, akatapatapa, akauma ulimi damu ikatoka. Baada ya muda akaamka hajui alipo. Ndugu zangu walisema amerushiwa kitu. Aliporudi Mombasa akawa sawa.

Nikimnunulia, si ni mimi ninayemuua kwa mkono wangu? Nisiponunua, atakunywa nini? Na nikiwa mke nitampingaje mama mkwe ndani ya nyumba ya mwanawe?

Mama wa Wawili, Kiembeni

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mama wa Wawili,

Hiyo sentensi uliyoitanguliza kwa "sijui kama ni muhimu" ndiyo ningeomba isomwe kwanza na kila mtu mzima wa nyumba hiyo. Mtu anayekunywa kila siku amekaa siku mbili bila tone, usiku akaanguka, akatapatapa, akauma ulimi, akaamka hajui alipo. Daktari akisikia maneno hayo atafikiria kifafa cha kukatika pombe kabla ya kufikiria kingine. Malaria kali au sukari kushuka huweza kumwangusha mtu vivyo hivyo, na kwa barua haiwezekani kutofautisha. Lakini mpaka mtu aliyempima aseme vingine, panga mambo yako kana kwamba lile la Voi lilitokana na pombe kukosekana.

Unaulizwa mawili kwa pamoja: ununue au usinunue, na mlango ufungwe au uachwe. Yote mawili yanategemea kinachotokea mwilini pombe inapokatika, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo.

Pombe hutuliza ubongo. Ubongo unaotulizwa kila siku kwa miaka hujifunza kujiamsha kwa nguvu zaidi ili mtu aweze kusimama na kuzungumza. Ukiondoa pombe ghafla, ile nguvu ya kujiamsha inabaki peke yake, kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa bega na wa upande wa pili akauachia. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Kifafa, kwa wanaokipata, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kibaya zaidi huja siku ya pili hadi ya nne: mtu anachanganyikiwa, anaona wadudu au watu wasiokuwapo, homa inapanda, hatulii hata akishikwa na wanaume watatu. Hali hiyo huua isipotibiwa. Sasa itazame ile ratiba ya siku saba: siku nne za hatari zote ziko ndani yake, mlango umefungwa, na walio nje wakisikia kelele watadhani ni pombe inapambana kutoka.

Simwiti mama mkwe wako mwongo. Wako wengi walioacha kwa kufungiwa, wakatetemeka, wakatapika, wakainuka. Ndugu yao huenda alikuwa mmoja wao. Ila aliyewahi kupata kifafa cha namna hii yuko kwenye fungu jingine, na tena kila mara pombe inapokatika ghafla, mara inayofuata huelekea kuwa nzito kuliko iliyotangulia.

Kuhusu mkono wako. Umeshaona kwamba glasi ya asubuhi inatuliza mikono, na umeona sawasawa. Unaloongeza juu yake, kwamba anayeinunua ndiye muuaji, ningelitazama tena. Pombe inamharibu, hilo halina ubishi: ini, tumbo, kumbukumbu, na hata kinga ya mwili ambayo wakati huu wa korona anaihitaji. Lakini kwa mtu aliyefika alipofika mumeo, kuinyima ghafla kuna hatari ya siku chache zijazo, na kuendelea kuinywa kuna hatari ya miezi na miaka. Hizo ni hatari mbili za saa tofauti, na wewe umeachiwa kuzipima peke yako jikoni.

Swali hilo hilo limewashinda hata wakubwa. Jimbo la Kerala, India, pombe zilipofungwa kwa ajili ya korona, watu walianza kuugua kwa kuikosa na wengine kujiua. Serikali ya jimbo ikatoa amri tarehe 30 Machi 2020 kwamba mwenye cheti cha daktari auziwe pombe. Madaktari wakapinga, wakisema kukatika pombe kuna dawa zake hospitalini, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo tarehe 2 Aprili. Ukiona unayumba kati ya mawili, si udhaifu wa imani.

Hoja ya madaktari wale ni nzuri palipo na hospitali inayofikika, kwa hiyo tuiangalie hiyo njia. Hospitalini mtu huyu kwa kawaida hupewa diazepam, dawa ile ile ya jirani yako, lakini badala ya pombe, kwa kipimo kinachoanza juu na kushushwa kila siku kwa muda wa siku 5 hadi 7, huku akipimwa mapigo, presha na pumzi. Hupewa pia vitamini B1, ikiwezekana kwa sindano, kwa sababu wanywaji wakubwa huishiwa nayo na ubongo ukaharibika. Akiwekewa dripu ya glukosi, uliza kwa adabu kama B1 imeshatangulia; sukari ikiingia kwanza huweza kumalizia ile kidogo iliyobaki. Hatari ya njia hii ni hizo mnazoziogopa nyote wawili: gharama, foleni, na korona yenyewe. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Inapunguzwa kwa kupiga simu kabla. Laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo, hupokelewa usiku na mchana; waeleze mlipo na uulize ni kituo gani cha karibu kinachopokea mtu wa kukatika pombe sasa hivi, ili msizunguke Mombasa nzima kutafuta. Nenda asubuhi, barakoa unazo, akiwa ameshapata kiasi chake cha kwanza. Asifike akiwa hajanywa tangu jana eti aonekane mtu mzuri.

Ufike na karatasi. Andika: kota mbili kwa siku, za asilimia ngapi (soma lebo), tangu lini, glasi ya mwisho saa ngapi, alianguka Desemba usiku wa pili bila pombe, diazepam miligramu 5, vidonge viwili au vitatu, mara ngapi kwa wiki, na siku ya sanitaiza. Nesi mwenye wagonjwa arobaini atakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa maelezo marefu. Kutetemeka na jasho pia vinaweza kudhaniwa ni korona, na glasi ya mwisho ni saa ngapi ndiyo habari inayosaidia kutofautisha.

Njia ya pili ni kushusha pombe kwa pombe yenyewe, polepole. Hapa niseme wazi: kwa aliyewahi kupata kifafa, hili lisifanywe na mke peke yake bila mtu wa afya kujua. Ila sehemu yake ya mwanzo, yaani kukishikilia kiasi kisipande wala kisishuke, ni salama kuliko kukata, na inaweza kuwavusha mpaka mumwone daktari.

Hesabu yake ni hii. Kota ni mililita 250. Ikiwa ni ya asilimia 40, ina mililita 100 za pombe tupu, karibu gramu 79. Kwa siku mumeo anaingiza gramu 158, ambazo ni kama Tusker tisa na nusu za nusu lita. Mililita zake 500 zigawe mara tano: mililita 100 saa moja asubuhi, 100 saa tano, 100 saa tisa alasiri, 100 saa moja usiku, 100 saa tano usiku. Kiasi cha mwisho wa usiku kisiachwe, maana ndicho kinachomfikisha asubuhi. Pimeni kwa kile kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi chenye mistari, si kwa glasi wala kwa jicho, na kila kipimo kiandikwe kwenye daftari. Siku tatu nne za kwanza msipunguze chochote. Wengi hugundua hapo kwamba "kota mbili" ilikuwa kota mbili na nusu.

Kupunguza, daktari akikubali, kusizidi sehemu moja ya kumi ya kiasi cha mwanzo kwa hatua, na kila hatua ikae siku nne. Kwake ni mililita 10 tu kutoka kila kipimo: 100 zinakuwa 90, jumla inakuwa 450, mnakaa hapo siku nne, halafu 80. Kwa mwendo huo ni siku 40 mpaka sifuri. Akianza kutetemeka au kutoka jasho zaidi ya kawaida yake, mnarudi kipimo cha juu kilichotangulia na kukaa wiki nzima. Najua siku 40 zinaonekana nyingi mbele ya siku saba za mama mkwe. Na zina gharama: ukijumlisha kota zote za safari hiyo ni 44, yaani shilingi 11,000, barakoa 220. Bila mpango, siku hizo hizo zingekula kota 80.

Inaharibikia wapi? Kwanza, mnywaji anapokuwa na chupa ya pili ambayo daftari haiijui. Pili, mtu anapokasirika na kumwaga chupa yote kwenye sinki. Hapo mmekata ghafla bila kupanga. Tatu, kubadilisha kinywaji katikati. Mnazi ulioshushwa asubuhi si mnazi wa jioni, unaendelea kuchacha saa kwa saa, huwezi kuupima kwa mililita. Chang'aa haina lebo kabisa. Tena mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, mrija na kibuyu huzunguka midomo kumi, na korona hiyo haihitaji mwaliko.

Anayedhani vikali vinaosha koo lisipate korona naye hajajitungia. Aprili 2020 gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alitia chupa ndogo za Hennessy kwenye vifurushi vya chakula vya maskini, akisema ni sanitaiza ya koo. Kampuni yenyewe ilitoka kukanusha. Pombe huua kirusi juu ya kiganja. Ikimezwa haikifuati kilipo.

Sanitaiza sasa. Kwa hesabu mumeo hakukosea sana, na ndiyo maana ni hatari: nusu lita ya asilimia 70 ina gramu 276 za pombe, zaidi ya kota tatu. Lakini si kila sanitaiza imetengenezwa kwa pombe ya kunywa. Nyingine ni isopropanoli, inayochoma tumbo na kumlaza mtu haraka kuliko alivyozoea. Na wakati huu ambapo kila mtu anatengeneza, huweza kuingia methanoli. Mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kupofusha, 30 zinaweza kuua. Mei 2014 Kenya ilizika watu zaidi ya 80 kwa pombe yenye methanoli, na Iran mwaka 2020 wamekufa mamia, baadhi wakiamini wanajikinga na korona. Hila yake ni kuchelewa: mtu anaonekana mlevi wa kawaida, dalili zinakuja saa 12 hadi 24 baadaye, na zinachelewa zaidi kama alikunywa na pombe ya kawaida. Akisema anaona ukungu au weupe machoni, tumbo linamkata, anapumua kwa kasi, msingoje kuche. Hospitali ina dawa ya hilo, na kila saa ina maana. Umefanya vizuri kuifungia. Mlangoni weka ndoo ya maji yenye bomba na sabuni. Wateja watanawa, na sabuni inatosha.

Vidonge vinanitia hofu kuliko chupa. Pombe na diazepam zote mbili hupunguza pumzi, na zikikutana kila moja huipa nguvu nyingine. Kukoroma vibaya ulikokusikia kunaweza kuwa koo linaloziba kwa mtu aliyezama mno. Usiku kama huo mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele limzuie asibingirike, kichwa kirudi nyuma kidogo, mdomo uelekee chini matapishi yatoke. Usimlaze chali. Mwite kwa jina, mfinye bega. Asipoitika, au midomo ikigeuka rangi, au pumzi zikiwa chini ya nane kwa dakika, hiyo ni dharura. Nenda wewe mwenyewe kwa yule jirani wa duka la dawa, bila ugomvi, umweleze kwamba anayempa vidonge anakunywa kota mbili kwa siku. Labda hakujua. Kama ameshavitumia kila siku kwa wiki kadhaa, navyo visikatwe ghafla, mwambie daktari.

Methadoni iache. Kliniki ya Kisauni ni ya waliozoea heroini na inawasaidia sana, lakini haitibu pombe, na kuchanganya methadoni na pombe ni hatari nyingine kabisa.

Akianguka tena: tazama saa. Sogeza meza na viti, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji. Kifafa kikiisha mlaze ubavu. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajaamka vizuri, au akibaki amechanganyikiwa, ni hospitali hata kama ni saa nane za usiku. Mwaka huu wa 2020 kafyu ipo, kwa hiyo panga mchana: ni nani mwenye gari mtaani, nambari yake iwe kwenye simu yako na ya shemeji, na mzee wa Nyumba Kumi aambiwe mapema kwamba nyumba yenu ina mgonjwa wa kuanguka, ili awapigie polisi kabla hamjafika kizuizini. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199. Tena waliokamatwa kwa kafyu wamekuwa wakipelekwa karantini siku 14. Akitoka usiku kutafuta chupa na akashikwa, pombe itakatika humo ndani bila mtu kujua. Ikitokea, mfuate na ile karatasi.

Chakula kinasaidia kuliko watu wanavyodhani: uji wa wimbi, maharagwe, ndengu, mayai, kidogo kidogo mara nyingi, na maji. Uliza juu ya tembe za B1. Akianza kuyumba akitembea kabla hajanywa, au macho yakicheza-cheza, ni sindano inayotakiwa, tena haraka.

Redio, dada. Umeandika "hajanipiga" halafu ukaendelea, kana kwamba jambo limeisha. Mimi sijui lilikoanzia wala kama litarudi. Ila kuwa na mpango hakumtuhumu mtu: vitambulisho vyenu, kadi za kliniki za watoto na pesa kidogo viwe mahali unapoweza kuvichukua kwa mkono mmoja, namba ya siri ya M-Pesa uijue wewe tu, na watoto wajue ni mlango wa jirani gani wa kukimbilia. Nambari ya msaada kwa ukatili wa nyumbani ni 1195. Una haki pia ya kusema hununui, utapika, utalinda sanitaiza, na kwenda hospitali utamsindikiza, lakini pesa za barakoa ni za watoto. Ukichagua hivyo, mwambie mapema na wakati wa mchana, si dakika ya kafyu kuingia, na shemeji ajue, kwa sababu siku hiyo ndiyo hatari ya kifafa au ya sanitaiza inapanda.

Mama mkwe hatakusikia ukimwambia amekosea. Pengine atakusikia ukimwambia habari ya Voi, ambayo hakuiona kwa macho: damu ya ulimi, na mwanawe asiyejua alipo. Maombi yabaki, na mchungaji apige simu yake Jumamosi kama walivyopanga. Muulize tu mama kama yanaweza kufanyika mlango ukiwa wazi. Kutoka kwa mke peke yake huenda ikaonekana ubishi. Muombe mtu wa 1192 azungumze na mama kwa spika ya simu. Na shemeji aliye tayari kuja kumshika, kuna kazi inayomfaa zaidi. Alale sebuleni zamu za usiku, asikilize pumzi na kuandika daftari, wewe upate kulala. Unashona kwa sindano na umeme, na usingizi wako nao ni sehemu ya usalama wa nyumba.

Jambo moja silioni popote katika barua yako: mumeo mwenyewe anataka nini. Wote mmeshapanga Jumamosi yake. Ule wakati wa vifungo vya shati, saa nne hivi asubuhi, mikono imetulia na kichwa kiko wazi, ndiyo saa yake ya kuzungumza. Usianze na kuacha. Muulize kama anakumbuka chochote cha usiku ule wa Voi, na kama anaogopa kwamba kifafa kile kitarudi. Muulize asubuhi anaamka saa ngapi na mwili unamwambia nini. Anayejua anatetemeka kwa sababu gani huweza kukubali kupima mililita hata kama bado hajakubali kuacha, na anayeogopa korona hospitalini huweza kukubali kwanza mazungumzo ya simu. Akikubali kimojawapo kabla ya Jumamosi, mama mkwe naye atakuwa na kitu cha kungojea.